Mwano Hauna Muuaji

Sehemu ya kumi na moja

Panga lilishuka.

Wiki nzima mmeniuliza, wengine kwa simu, mmoja wenu kanishika shati pale stendi ya Mbeya huku basi langu likiondoka: je, Kulwa alilishusha lile panga au alilizuia hewani? Basi nawajibu. Alilishusha, tena kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kuchinja ng'ombe.

Ila halikumpata Crispin. Lilimpata Nashoni, kaka yake mwenyewe.

Nashoni alikuwa ameruka katikati na kuinua mkono wa kushoto. Alisikia mfupa ukilia kabla hajasikia maumivu. Alipotazama, vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimelala kwenye tope la jaruba la mpunga, na mkono uliobaki ulikuwa umepasuka hadi kwenye kifundo.

"Kaka!" Kulwa alipiga kelele. "Kaka, umetokea wapi? Nani alikuambia uingie?"

"Mungu," Nashoni alisema, akapiga magoti bila kutaka.

Kwa wewe uliyedandia hadithi hii leo, sikiliza haraka, maana damu inamwagika. Nashoni na Kulwa ni ndugu wa tumbo moja, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao bonde la Usangu. Nashoni ni mzee wa kanisa la Kilutheri pale kijijini. Mchungaji huja Jumapili moja kwa mwezi. Zilizobaki ni za Nashoni. Crispin ni Mhehe, aliacha mahindi yaliyokauka kule Isimani, Iringa, akaja kulima mpunga. Asubuhi hii ng'ombe wa Kulwa wamekutwa katikati ya mpunga wa Crispin, uliobakiza wiki mbili kuvunwa. Crispin akachukua mundu, akamkata fahali mkubwa mishipa ya miguu ya nyuma. Kulwa akachukua panga. Haya, turudi jarubani.

Kulwa, kwa kuona alichomfanyia kaka yake, aliliachia panga likaanguka. Hapo alikosea. Crispin alikuwa amelala chali kwenye tuta akisubiri kufa. Alipoona adui yake ana mikono mitupu, alinyakua jembe lake lililolala tutani.

Pigo la kwanza lilimpata Kulwa begani. La pili likatua mbavuni. Kulwa akaenda chini, uso ukazama kwenye maji, na Crispin akamkanyaga kisogo. Mapovu yakaanza kupanda.

"Kunywa!" Crispin alifoka. "Si maji uliyokuwa unayalilia haya? Kunywa yote!"

Nashoni alitambaa. Ana miaka hamsini na minne, ana mkono mmoja unaofanya kazi, na jembe hakuwa nalo. Meno alikuwa nayo. Mzee wa kanisa akamng'ata Crispin nyuma ya goti, akang'ata mpaka akaonja damu.

Crispin aliruka. Kulwa akainua kichwa, akatapika tope. Kabla jembe halijapanda tena, Nashoni alikuwa amejilaza juu ya mdogo wake.

"Haya piga," alisema. "Pitia kwangu ndiyo umfikie."

"Toka hapo mzee. Umekatwa kwa ajili yangu, sitaki kukupiga."

"Sitoki."

"Mzee Nashoni, unamwaga damu!"

"Naona. Sijawa kipofu."

Jembe lilishuka. Lilizama kwenye tope, shibiri moja kutoka sikioni mwa Nashoni. Crispin akakaa chini palepale, akalia kwa hasira kama watu wazima wanavyolia, bila kujifuta.

Mngedhani mambo yameisha. Hata Nashoni alidhani hivyo, akaanza kusema asante Mungu. Hakufika hata kwenye amina.

Prisca, mke wa Kulwa, alikuwa anakuja mbio kutoka nyumbani. Alimwona mumewe katapakaa tope, alimwona shemeji yake katapakaa damu, na alimwona Mhehe kakaa, jembe kando yake. Akaweka kiganja kando ya mdomo na kuvuta pumzi ndefu.

Nashoni aliruka kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi, akamziba mdomo kwa mkono wake mzima.

"Usipige mwano!" alimnong'oneza. "Shemeji, nakuomba, usipige mwano."

Mwano ni yowe la Wasukuma. Ukipigwa, kila mwanaume anaacha alichoshika, hata kijiko, anachukua mkuki au rungu na kukimbilia unakotoka. Asiyekimbia ana lake jambo. Aliyeupiga ananyoosha kidole, na anayeonyeshwa haulizwi swali. Wanamzunguka, kila mmoja anapiga mara moja, lazima, hata mgonjwa lazima apige, ili kesho asiwepo mtu wa kumshtaki mwenzake. Ndiyo maana wanasema mwano hauna muuaji. Na wanasema pia mwano haurudi mkavu, bila damu.

Nashoni aliyajua hayo kuliko anavyoijua Sala ya Bwana. Aliyajua kwa mikono yake, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiomba asiulizwe.

"Utanyamaza?" alimuuliza Prisca.

Prisca alitikisa kichwa kukubali. Nashoni akamwachia. Mwanamke huyo akachana kitenge chake, akaufunga mkono wa shemeji yake kwa kukaza mpaka Nashoni akaona nyota mchana.

"Hospitali," Prisca alisema. "Twende sasa hivi."

"Siendi mahali hawa wawili wakiwa bado na kitu tumboni. Nikiondoka wanauana." Nashoni aliwageukia. "Jumapili iliyopita mlipeana mikono mbele ya kanisa zima. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Ilikuwa ni nini ile?"



Ukweli ni kwamba lile lilikuwa kosa la Nashoni, na alianza kuliona akiwa amekaa kwenye tope. Alikuwa na haraka ya kupatanisha. Bwana alishaelekeza: mfuate mwenzako kwanza, wewe na yeye peke yenu, msemezane. Nashoni aliruka hatua hiyo, akaanzia kwenye makofi. Alipenda kuitwa mpatanishi. Wajumbe wa vitongoji vya jirani walikuwa wameanza kumfuata kwa pikipiki akawatatulie kesi zao, na utamu huo ulikuwa umemkolea.

"Semeni," aliwaambia. "Leo semeni kweli, hapa, hakuna wa kupiga makofi."

Crispin alianza. "Fahali nimemkata mimi. Sikatai. Nilikuta mpunga wangu umelala, miezi mitano ya mgongo wangu, nikapofuka. Yule mnyama hakuwa na kosa. Alinitazama, mzee. Nimekosa."

"Kulwa?"

Kulwa alitema mate mekundu. "Ng'ombe hawakutoroka."

"Unasemaje?"

"Nilikuambia walivunja zizi usiku. Nilikudanganya, kaka. Alinifungia njia ya kwenda mtoni kwa tuta lake jipya, nikamwomba mara tatu akaniambia nizungukie. Leo alfajiri nikasogeza miiba kwa mikono yangu nikawaingiza. Nikasimama nikawaangalia wanavyokula. Nilifurahi gete, kweli kabisa."

Nashoni alifumba macho. Hakuwahi kusikia mdogo wake akisema kweli iliyo chafu namna hiyo, na moyo wake ulipata matumaini. Kidonda kilichotumbuka ndicho kinachopona.

Tatizo ni kwamba Crispin naye alisikia.

"Wewe mwenyewe?" Crispin alisimama. "Kwa mikono yako?"

Hakungoja jibu. Ngumi ilimpata Kulwa mdomoni, na meno mawili yakatoka. Walikumbatiana, wakabiringika kwenye mpunga, Kulwa akimtia vidole machoni, Crispin akimkaba koo. Nashoni alijaribu kuinuka, miguu ikamkatalia. Kulwa alianza kukoroma, na macho yakamtoka.

Prisca aliona mume wake anakufa. Mke gani angenyamaza?

Mwano ukapasuka. Ulikwenda juu, ukavuka majaruba na kufika kitongojini. Kisha ukajibiwa kutoka upande wa mtoni, ukajibiwa tena kutoka zizi la Masunga, na filimbi zikafuata.

Wale wawili waliachiana wenyewe. Hakuna aliyehitaji kuwaambia.

"Nikimbie?" Crispin aliuliza.

"Ukikimbia umekufa," Nashoni alisema. "Anayekimbia kajihukumu. Kaa nyuma ya mgongo wangu, usimwangalie mtu usoni."

Kulwa alimsogelea kaka yake. "Kaka, wataniona na mimi. Panga ni langu, wote wanalijua." Alishusha sauti, akageukia Kisukuma ili Crispin asielewe, kisha akarudi Kiswahili kwa woga. "Sema ni yeye. Neno moja tu. Nani atamwamini Mhehe, mnyalukolo huyu?"

"Na mimi nitamwambia nini Mungu?"

"Mungu anajua mimi ni mdogo wako!"

"Ndiyo maana sitaki uwe muuaji," Nashoni alisema. Alimshika shingoni kwa mkono wake mzima, kama alivyokuwa akimshika walipochunga pamoja wakiwa watoto. "Nilikukinga na panga lako mwenyewe. Usinifanye nijute."

Wakafika.

Walikuwa kama arobaini, na mbele alikuwa Masunga, kamanda wa sungusungu, mkuki mkononi, tumbo mbele. Pembeni yake alikimbia Yakobo, kijana wa miaka ishirini na sita, fundi magari aliyerudi likizo kutoka Iyunga, Mbeya. Nashoni alimlea Yakobo tangu akiwa na miaka kumi na minne, alipofiwa na baba yake. Alimpeleka Mbeya akajifunze ufundi, akampa ndama watatu wa kuanzia maisha, akamsimamia ubatizo. Yakobo humwita baba.

"Baba!" Yakobo alipiga kelele alipoona mkono. "Nani kakufanya hivi?"

Kabla Nashoni hajajibu, rungu liliruka kutoka katikati ya watu, likampata Crispin juu ya sikio. Crispin alianguka kifudifudi. Nashoni alijitupa juu yake. Leo kazi yake ilikuwa moja, kulalia watu.

"Prisca," Masunga alisema. "Umeupiga wewe. Onyesha."

Prisca alimtazama mumewe. Alimtazama shemeji yake. Kisha kidole kikamwelekea Crispin.

Watu walianza kuzunguka. Ule mzunguko Nashoni aliujua, jinsi wanavyokwenda taratibu na mkono wa kulia ukiwa ndani.

Hapo Kulwa akawashangaza wote, akajishangaza na yeye mwenyewe.

"Ni mimi!" alisema. Sauti ilitoka vibaya, meno hayakuwepo. "Panga ni langu. Nimemkata kaka yangu mimi. Na ng'ombe niliwaingiza mimi. Mwacheni huyo."

Mzunguko ulisimama. Nashoni alihisi machozi. Akasema moyoni, sasa imekwisha, sasa tumepona.

Masunga alicheka kidogo. "Mambo ya ndugu yataisha nyumbani kwenu. Ng'ombe je? Fahali yule pale kalala hawezi kusimama. Ng'ombe wa Msukuma kakatwa mishipa, mwano umepigwa, watu wameacha kazi zao. Tunarudije mikono mikavu?" Aliinua mkuki. "Mmoja mmoja. Mara moja moja. Yakobo, wewe ndiye mtoto wa aliyeumizwa, anza."

Yakobo alipiga hatua. Alikuwa analia kwa ajili ya mkono wa Nashoni, na mkuki ulikuwa umeelekea mgongo wa Crispin.

"Baba, sogea."

Nashoni hakusogea. Alimtazama kijana yule na kuona ameshika mkuki kama alivyomfundisha yeye mwenyewe, kidole gumba juu. Alikuwa amewapatanisha watu wa vijiji vinne. Alikuwa amehubiri mara ngapi kwamba ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno nawe, acha sadaka palepale uende kwanza kupatana naye. Kila alipofika kwenye mstari huo, alikuwa anatazama juu ya vichwa vya watu ili asikutane na macho ya Yakobo. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini Nashoni aliliona. Alilikalia tu.

"Yakobo," alisema, "baba yako Peter hakuuawa na wezi."

Masunga aligutuka. "Nashoni. Ngosha mwenzangu. Nyamaza."

"Mwano ulipigwa, jioni moja ya kiangazi. Tulimkuta mtu anakimbia na kamba, ng'ombe mbele yake. Alisema ng'ombe ni wake, amekata kamba. Hatukumsikiliza. Tulimzunguka hivi hivi mnavyozunguka."

"Nyamaza!" Mkuki wa Masunga ukamgusa Nashoni kooni, ukatoboa ngozi. Uzi wa damu ukateremka kifuani.

"Mwache aseme," Yakobo alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

Masunga aliwatazama wale arobaini. Wazee kati yao walikuwa wameinamisha vichwa, kila mmoja anatazama vidole vya miguu yake. Akauondoa mkuki na kurudi nyuma.

"Alipoanguka ndipo nikaliona sikio la ng'ombe," Nashoni aliendelea. "Lilikuwa na alama yenu. Alikuwa anamfuata ng'ombe wake mwenyewe. Tulimbeba tukamlaza kando ya mto, tukamwambia mama yako ni wezi. Mimi ndiye niliyemwambia. Nikamwombea na pole."

Yule fahali aliyekatwa ndiye aliyesikika, akivuta pumzi kwa shida kwenye mpunga.

"Nani alianza kupiga?" Yakobo aliuliza.

"Wanasema mwano hauna muuaji."

"Nimeuliza nani alianza."

"Mimi, mwanangu. Nilimpiga rungu la kichwa. Kila chakula nilichokulisha nilikulisha kwa mkono huo, na nilijua. Naomba unisamehe. Na kama huwezi, basi iishie kwangu, huyu Mhehe aende nyumbani."

Yakobo aliutupa mkuki. Kwa dakika moja Nashoni alidhani amesamehewa. Kumbe kijana alikuwa anataka kitu cha karibu zaidi. Aliinama kwenye tope, akaliokota panga la Kulwa, ambalo damu ya Nashoni ilikuwa haijakauka.

Mzunguko ulihama wenyewe. Crispin akabaki nje. Nashoni akawa katikati.

Alipiga magoti, akainamisha shingo. Aliogopa, msidanganyike, mzee wa kanisa alitetemeka mpaka meno yakagongana. Alisikia hatua za Yakobo zikija ndani ya maji. Kisha akasikia hatua nyingine, za upande wa kulia. Na nyingine, za upande wa kushoto.

Alipoinua macho aliona migongo miwili. Mmoja ulikuwa wa Crispin, damu ikimtoka sikioni. Mwingine ulikuwa wa Kulwa, akishikilia mbavu zake. Walisimama bega kwa bega mbele yake, wale wawili ambao robo saa iliyopita walikuwa wanatoana macho, na Crispin alikuwa amemshika Kulwa mkono ili asianguke. Hakuna aliyewapigia makofi.

"Pitia kwetu ndiyo umfikie," Crispin alisema.

Panga lilipanda. Likakaa juu. Machozi yalimtiririka Yakobo mpaka kidevuni.

"Wa kwanza ni yeye," Yakobo alisema polepole. "Wa pili alikuwa nani?"

Nashoni alichungulia kati ya migongo ile miwili ili amwone mwanawe usoni. Badala yake akaona kilichokuwa nyuma ya kijana. Wote walikuwa wanamtazama Yakobo, hakuna aliyekuwa anamtazama Masunga. Na Masunga, ambaye ndiye aliyekuwa wa pili kumpiga Peter, tena kwa furaha kuliko wote, alikuwa amekwisha inua mkuki wake. Hakumlenga Nashoni. Alilenga mgongo wa Yakobo, katikati ya mabega.

Hapakuwa na muda wa kusema jina. Hapakuwa na miguu ya kurukia. Kilichobaki ni pumzi na mkono mmoja.

Nashoni alifungua mdomo akapiga mwano, na kidole chake kikanyooka kumwelekea Masunga. Watu arobaini, wenye mikuki mikononi, waligeuka kufuata kidole hicho.